Kusoma Magari ya Kwanza katika Picha za Kale: Ushahidi, Mitego na Watu Waliosimama Kando

1. Utangulizi

Picha ya kale haimfikii mwanahistoria ikiwa peke yake. Hufuatana na maneno: mstari wa wino nyuma ya karatasi, jina lililobandikwa katika albamu, au maelezo yaliyopigwa chapa chini ya ukurasa wa kitabu. Aghalabu maneno hayo ndiyo yasomwayo kwanza. Picha yenyewe hutazamwa baadaye, kana kwamba kazi yake ni kuyathibitisha tu. Makala haya yanapendekeza kuugeuza utaratibu huo. Picha ihojiwe kwanza, kitu kwa kitu, kisha maneno yaitwe kutoa hesabu mbele yake.

Kitu kilichochaguliwa kuwa mfano ni gari la moto la miongo mitatu ya mwanzo wa karne ya ishirini. Uchaguzi huo una sababu. Katika picha nyingi za enzi hiyo, nguo hazina tarehe ya hakika, mti hauna tarehe kabisa, na nyumba ya matofali yaweza kusimama miaka mia. Gari, kwa upande wake, lilitoka kiwandani, na kiwanda kilibadilisha taa, milango na vifuniko karibu kila mwaka. Anayeyajua mabadiliko hayo ana kalenda ndani ya picha.

Hata neno lenyewe ladai uangalifu wa namna hiyo. Kabla ya injini ya petroli kufika, Kiswahili kilikwisha kuwa na neno gari, lililotumika kwa chombo cha magurudumu kinachokokotwa na mnyama au na watu, kisha likapanuliwa kuwa gari la moshi. Motokaa lilikuja baadaye kutoka Kiingereza, na asili hiyohiyo ndiyo iliyozaa mutuka katika vinywa vya wasemaji wa Kongo. Msomaji wa hati ya zamani akikuta gari, hana haki ya kuona moja kwa moja chombo cha injini. Kama neno lilivyo na tarehe yake, ndivyo na picha.

2. Kanuni ya "si kabla ya"

Gari linalofaa kuanza nalo ni Ford Model T, kwa kuwa lilitengenezwa kwa wingi kuliko gari jingine lolote la zama zake. Lilitolewa mwezi wa Oktoba 1908 huko Detroit, Marekani, na hadi lilipokoma mwaka 1927 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni 15. Kwa mbali, yote hufanana. Kwa karibu, yanatofautiana kwa namna inayoweza kuhesabiwa.

Jambo la kwanza ni rejeta. Katika magari ya mwanzo, fremu ya rejeta ilikuwa ya shaba ya manjano, nayo hung'aa katika picha kama kioo. Tangu magari ya mtindo wa 1917, yaliyoanza kutoka kiwandani Agosti 1916, fremu hiyo ilipakwa rangi nyeusi, na boneti iliyokuwa na pembe kali ikapewa mviringo. Jambo la pili ni taa. Taa kuu za mbele zilikuwa za gesi ya asetilini hadi mtindo wa 1915, ndipo umeme ukaingia. Jambo la tatu ni milango. Magari ya wazi ya abiria watano yaliyoundwa Marekani kati ya mitindo ya 1912 na 1925 yana umbo la mlango upande wa kushoto mbele, lakini mlango wenyewe haupo: ni mchoro wa bati usiofunguka. Dereva alipaswa kuingilia upande wa kulia.

Kwa hiyo picha inayoonyesha Ford yenye rejeta nyeusi haikupigwa kabla ya Agosti 1916. Hili ni jambo la hakika, na lafaa lisisitizwe, kwa sababu ndani yake mna kosa linalorudiwa mara nyingi. Wanafunzi huandika: "Gari ni la 1917, basi picha ni ya 1917." Hitimisho hilo halifuati. Gari la 1917 liliweza kutembea mwaka 1930, likiwa limebadilishwa matairi na kupakwa rangi upya. Kitu kilichomo pichani hutoa mpaka wa chini tu: si kabla ya. Mpaka wa juu, yaani si baada ya, lazima utafutwe kwingine: muhuri wa posta juu ya kadi, jengo lililobomolewa, mtu ambaye tarehe ya kifo chake inajulikana. Picha ikiwa na magari kadhaa, mpaka wa chini huwekwa na lililo jipya kuliko yote, hata kama limejificha nyuma ya mengine na kuonyesha gurudumu moja.

Rangi nayo ina mtego wake. Inasemwa kwamba Ford zote zilikuwa nyeusi. Ukweli ni kwamba weusi pekee ulitawala tangu 1914 hadi 1925. Kabla ya hapo zilikuwapo nyekundu, za kijani na za kijivu. Lakini picha haiwezi kulitatua suala hilo kwa urahisi, kwa maana bamba nyingi za picha za wakati ule hazikuhisi mwanga mwekundu. Gari jekundu lilitoka pichani likiwa jeusi. Mtafiti asiyejua dawa za picha atahukumu rangi ambayo kamera yenyewe haikuwahi kuiona.

3. Uso wa gari na namba yake

Kila kiwanda kilijitahidi gari lake litambuliwe kutoka mbali, na sehemu iliyobeba kazi hiyo ilikuwa uso, yaani rejeta na boneti. Rolls-Royce walitumia rejeta yenye umbo la mbele ya hekalu la Kigiriki. Delaunay-Belleville wa Ufaransa, kampuni iliyotokana na utengenezaji wa matangi ya mvuke, walipendelea rejeta na boneti za mviringo. Renault, kwa miaka mingi, waliiweka rejeta nyuma ya injini, hivyo boneti yao ikateremka mbele kama mgongo wa koleo, bila tundu la hewa usoni. Teksi za Paris zilizochukua askari kwenda kwenye mapigano ya Marne mnamo Septemba 1914 zinajulikana na wengi kwa umbo hilo.

Hata hivyo umbo si saini. Charron na Clément-Bayard pia waliteremsha boneti na kuirudisha rejeta nyuma. Kwa hiyo, anayeona boneti ya mteremko aseme kwanza kwamba gari ni la aina ya Renault, kisha atafute ushahidi wa pili: kitovu cha gurudumu, ambako viwanda vingi viliandika jina, umbo la springi, mahali pa mkono wa breki. Kitambulisho kimoja ni dokezo, viwili ni hoja, na vitatu vinavyokubaliana bila kutegemeana ndivyo vinavyoanza kuitwa ushahidi.

Namba ya gari ni ushahidi wa namna nyingine, kwa kuwa haikutoka kiwandani bali serikalini. Nchini Ufaransa, amri ya mwaka 1901 iliyataka magari yenye mwendo wa kupita kilomita 30 kwa saa yabebe namba, na namba hizo zilitolewa kwa kufuata wilaya za idara ya migodi, kila wilaya na herufi yake. Ndiyo sababu hadi leo Wafaransa huiita namba ya gari kwa jina linalokumbusha madini. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1903, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1904. Herufi moja iliyosomeka juu ya bati yaweza basi kutaja nchi, wilaya, na mpaka wa chini wa tarehe.

Lakini kabla ya kusoma herufi yoyote, ni lazima kuhakikisha kwamba picha haikugeuzwa. Bamba la kioo likichapwa kwa upande usio wake, kulia huwa kushoto. Usukani huhama, na mtafiti hujenga juu ya uhamaji huo nadharia nzima ya biashara ya magari. Dawa ni rahisi: yatazamwe maandishi yoyote yaliyomo, hata ya duka lililo mbali, na yasipokuwapo, yatazamwe makoti ya wanaume, ambayo kwa desturi ya ushonaji wa Ulaya upande wa kushoto hulala juu ya ule wa kulia.

4. Picha ambayo mwenyewe aliikosea

Pengine itadhaniwa kwamba shaka hizi zinahusu picha zisizo na mwenyewe tu, na kwamba mpiga picha akiwapo na kusema, suala limekwisha. Mfano mashuhuri kuliko yote unakataa.

Jacques-Henri Lartigue (1894–1986), Mfaransa aliyeanza kupiga picha utotoni, alisimama kijana kando ya barabara ya mashindano akalipiga gari la mbio lililokuwa likimpita. Alilikosa nusu: sehemu ya mbele ya gari imekatwa na ukingo wa picha. Gurudumu la nyuma limekuwa yai lililoinamia mbele. Watazamaji na nguzo wameinamia upande wa pili, kana kwamba upepo wa gari umewasukuma. Juu ya gari inaonekana namba 6. Baada ya maonyesho ya picha zake katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York mwaka 1963, picha hiyo ilizunguka dunia nzima ikiwa mfano wa mwendo wa kasi, nayo iliandikwa kwa miaka mingi kuwa gari la Delage katika Grand Prix ya Ufaransa ya mwaka 1912.

Maelezo hayo yalitokana na mwenyewe. Yalikuwa na kosa. Uchunguzi wa baadaye ulilitambua gari kuwa Th. Schneider lililoendeshwa na Croquet, katika Grand Prix ya tarehe 12 Julai 1913 karibu na Amiens. Grand Prix ya mwaka 1912 ilikuwa imefanyika Dieppe, tarehe 25 na 26 Juni. Mwaka, mji na kiwanda, vyote vitatu vilikuwa vimekosewa, ilhali picha ilikuwa ikitazamwa na maelfu ya watu.

Kosa liliwezaje kuishi muda mrefu hivyo? Kwa sababu namba 6 ilionekana kuwa uthibitisho, na haikuwa. Namba ya mashindano si kama namba ya serikali. Hupangwa upya kila shindano, na kila mwaka lilikuwapo gari namba 6. Namba inakuwa ushahidi pale tu inapounganishwa na umbo la gari na orodha ya washindani wa siku fulani. Orodha bila umbo, au umbo bila orodha, huacha mlango wazi, na katika mlango huo kumbukumbu ya mpiga picha iliingia na kuketi.

Upotovu wa picha hiyo nao una fundisho. Watu wengi waliuona kuwa ufundi wa kisanaa. Kwa kweli ni alama ya mashine. Kamera za aina hiyo zilikuwa na pazia lenye mwanya mwembamba lililopita mbele ya bamba, likiruhusu mwanga ufike sehemu moja baada ya nyingine. Sehemu ya chini ya mandhari iliandikwa kwanza, ya juu ikafuata. Katika muda huo mfupi gari lilikuwa limesogea, hivyo juu ya gurudumu kuliandikwa mbele zaidi kuliko chini yake. Lartigue naye alikuwa akiizungusha kamera kulifuata gari, lakini polepole kuliko mwendo wake. Kwa hiyo watu waliosimama waliandikwa kama wanaorudi nyuma. Picha imeeleza gari, tena imeeleza kamera iliyoliona. Mtafiti anayetafuta tarehe asisahau kwamba chombo kilichopiga ni sehemu ya ushahidi.

5. Mbawakawa wa dhahabu

Kuna magari yaliyobeba majina yao yakiwa yamechorwa ubavuni, na hapo utambuzi ungetazamiwa kuwa mwepesi. Hayo ni magari ya Citroën yenye minyororo ya mpira badala ya magurudumu ya nyuma, yaliyobuniwa kwa ufundi wa Adolphe Kégresse. Safari yao kubwa ya Afrika ilianza Colomb-Béchar, Algeria, tarehe 28 Oktoba 1924, ikiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Magari manane yalivuka jangwa, yakafika Oubangui-Chari, yakaingia Kongo ya Kibelgiji, kisha Kampala. Hapo msafara uligawanyika katika makundi manne: moja likashika njia ya Mombasa, la pili njia ya Dar es Salaam, la tatu njia ya Msumbiji, na la nne njia ya kusini kuelekea Cape Town. Mkutano ulikuwa Antananarivo, Juni 1925.

Kila gari lilikuwa na nembo: mbawakawa wa dhahabu kwa gari la Haardt, hilali ya fedha kwa lile la Audouin-Dubreuil, tembo mwenye mnara mgongoni, konokono mwenye mabawa, na nyinginezo. Kwa kuwa makundi yalitengana Kampala, nembo moja iliyoonekana katika picha ya pwani au ya kusini yaweza kusema ni kundi gani lililopita hapo.

Mtego uko wapi? Uko katika safari iliyotangulia. Kati ya Desemba 1922 na Januari 1923, viongozi haohao walivuka Sahara kutoka Touggourt hadi Timbuktu kwa magari matano ya namna hiyo, nayo yalikuwa na nembo: mbawakawa wa dhahabu tena, na hilali ya fedha tena, pamoja na kobe mwenye mabawa, fahali Apis na kiwavi atambaaye. Majina mawili yalirithishwa. Picha ya gari lenye mbawakawa, likiwa peke yake juu ya mchanga, haiwezi kupewa mwaka kwa nembo hiyo tu. Akionekana kobe mwenye mabawa nyuma yake, ni safari ya kwanza. Akionekana tembo mwenye mnara, ni safari ya pili. Hapa tena shahidi mmoja hakutosha, ingawa alikuwa amevaa jina lake kifuani.

6. Waliosimama kando

Hadi hapa mazungumzo yamekuwa ya mashine. Lakini katika picha za magari zilizopigwa Afrika, mashine haiko peke yake. Wako watu: aliyeketi nyuma ya usukani, waliosukuma, waliokata miti ili kuweka daraja, watoto walioitwa waje wasimame ili ukubwa wa gari uonekane. Maandishi ya chini ya picha hutaja kiwanda cha gari, huenda na nguvu za injini, na jina la Mzungu aliyeketi. Waliobaki huitwa wenyeji, au hawaitwi.

Hapo ndipo elimu ya rejeta na taa inapopata uzito wake. Mtu asiye na jina katika picha isiyo na tarehe amepotea mara mbili. Jina lake pengine halitarudi. Lakini gari lililo mbele yake laweza kumrudishia mwaka, na mwaka hubadili maana ya uso wake.

Tuseme picha ya gari imepigwa bara, magharibi ya Dar es Salaam, katika enzi ya Wajerumani. Tarehe 10 Agosti 1907, Paul Graetz, afisa wa Kijerumani, aliondoka Dar es Salaam kwa gari la kiwanda cha Gaggenau, akafika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Reli ilikuwa bado kufika Morogoro alipoanza safari, na petroli ilibidi itangulizwe na kuwekwa katika vituo vya njiani. Picha ya 1907 na picha ya 1912 zaweza kufanana kwa mbuyu na kwa vumbi. Lakini nchi iliyokuwa ikitazama gari mwaka 1907 ndiyo kwanza ilikuwa inatoka katika vita vya Maji Maji vilivyoanza 1905, na njaa iliyofuata vita. Umati uliosimama kimya kando ya gari mwaka huo hauwezi kufasiriwa kuwa ni umati unaoshangaa mashine tu. Kosa la miaka mitano hapa linafuta vita kutoka katika nyuso za watu.

Kwa Katanga, mipaka mingine ipo. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mji wenyewe ulianzishwa wakati huohuo. Hakuna picha ya gari katika barabara za mji huo inayoweza kuwa ya zamani zaidi. Jina Lubumbashi likiandikwa chini ya picha, hutoa tarehe ya maandishi na si ya picha, kwani mji ulipewa jina hilo rasmi mwaka 1966. Usukani wa kulia juu ya Ford, ikiwa picha haikugeuzwa, unaelekeza macho kusini, kwenye makoloni ya Waingereza, ambayo aghalabu yalipata Ford zao kutoka kiwanda cha Kanada. Unaelekeza tu, hauhukumu. Kwa vidokezo kama hivi, albamu ya familia inayodhaniwa kuwa bubu yaweza kuanza kupangwa, ukurasa kwa ukurasa, na mjukuu akajua kwamba babu aliyesimama kando ya gari alisimama pale baada ya 1916 na kabla ya barua iliyopigwa muhuri mwaka fulani.

7. Tairi

Kimebaki kitu kimoja ambacho kimo katika kila picha ya gari na ambacho ni nadra kuulizwa. Ni tairi. Katika picha za mwanzo matairi mengi ni meupe au ya kijivu hafifu, kwa sababu mpira ulichanganywa na oksidi ya zinki. Masizi yaliyoutia weusi na kuuimarisha yalienea katika miaka ya 1910 na kuendelea. Kwa hiyo weupe wa tairi ni dokezo jingine la umri.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwaka 1895 gari la ndugu Michelin lilikimbia kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi likiwa na matairi ya upepo, mara ya kwanza katika mashindano ya magari. Katika miaka iliyofuata, kiu ya Ulaya na Marekani ya mpira, kwa baiskeli, kwa magari na kwa mitambo, ilizidi mwaka hadi mwaka. Mpira huo ulitoka misituni: sehemu kubwa Amazonia, na sehemu nyingine Afrika, hasa katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, ambako watu walilazimishwa kukamua mitambaazi ya msitu kwa silaha, kwa kutekwa kwa wake zao, na kwa mauaji. Mashamba ya mpira ya Asia ya Kusini-Mashariki yaliupita mpira wa misitu mwanzoni mwa miaka ya 1910 tu.

Basi tarehe ya gari ni tarehe ya mpira wake. Tairi la 1924, la Ford au la Citroën, karibu bila shaka ni mpira wa mashamba ya Asia. Tairi jeupe la 1904, katika picha ya matembezi ya Jumapili nje ya Brussels au Paris, ni mpira wa msitu. Hakuna jicho linaloweza kusema ni msitu upi, wa Amazonia au wa Kongo, na mwanahistoria mwaminifu hatalisemea jicho. Lakini swali limekwisha kuingia katika picha, na halitoki.

Mwaka huohuo wa 1904, huko Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa mtoto wake, vilivyokatwa na walinzi wa kampuni ya mpira. Maelezo ya picha hiyo hayakumwita mwenyeji. Yalihifadhi jina lake, Nsala, wa kijiji cha Wala, na jina la binti yake, Boali. Picha hiyo ilionyeshwa Ulaya na Marekani katika mikutano ya kupinga utawala wa Leopold, utawala uliokoma mwaka 1908. Katika picha za magari za wakati huo, mashine ina jina na mtu hana. Katika picha ya Baringa hakuna mashine. Mtu ana jina, mwanawe ana jina, na kijiji kina jina. Zote mbili ni picha za historia ya mpira.

8. Hitimisho

Mambo matatu yamejitokeza. Kwanza, kitu kilichomo pichani huweka mpaka wa chini wa tarehe, wala hakiweki tarehe yenyewe. Anayesahau hili hugeuza ushahidi kuwa ubashiri. Pili, maandishi ya chini ya picha ni shahidi kama mashahidi wengine, na hata mpiga picha mwenyewe, kama Lartigue, aweza kusahau mwaka, mji na kiwanda kwa pamoja. Tatu, utambuzi wa gari si mchezo wa wapenda magari peke yao. Taa, mlango usiofunguka, bati la namba na weupe wa tairi ndivyo vinavyoweza kuwarudishia mwaka wao watu ambao hakuna aliyejisumbua kuandika majina yao.

Atakayefungua sanduku la picha za kale, nyumbani au katika hifadhi ya chuo, aanze basi na gari, kwa kuwa gari lina kalenda. Asiishie hapo. Akiisha kupata mwaka, auondoe mkono wake juu ya rejeta, na autumie mwaka huo kuwatazama upya waliosimama kando.